UVUMBUZI WA MHADHIRI WA CHUO KIKUU NI MALI YA NANI?

Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika ya wakati huo. Wagonjwa walishikwa na homa kali ya ghafla, wakatokwa na vipele, na viungo vyao vikauma hata wengi wakashindwa kusimama wima. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde, chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa katika hospitali ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi, aliandika dalili zake. W. H. R. Lumsden, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alichunguza jinsi ulivyoenea, naye R. W. Ross akavitenga virusi vyenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa kwa kuipandikiza kwa watoto wachanga wa panya. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Uwanda huo hauna mito wala visima vya karibu. Maji yalitekwa mbali, bondeni, yakahifadhiwa nyumbani katika vyombo, na humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti walimozaliana. Maelezo ya wenyeji juu ya maji yao, damu yao, na hata jina walilolitoa katika lugha yao, vyote viliingia katika sayansi ya dunia. Virusi alivyovitenga Ross vimetumika kwa miongo mingi katika maabara za nchi mbalimbali kama kielelezo. Mwaka 2023 chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa nchini Marekani, ingawa idhini hiyo ilisimamishwa huko mwezi Agosti 2025. Chanjo hiyo haikutokana na virusi vya Newala, bali vya mlipuko uliotokea baadaye katika kisiwa cha Réunion; kwa hiyo si haki kusema kwamba mtu fulani aliiba mali ya Wamakonde. Lakini swali linabaki, nalo lina uzito kwa kila mhadhiri anayefunga safari kwenda kijijini na daftari lake: yanayopatikana katika utafiti ni mali ya nani?

UGUNDUZI NA UVUMBUZI

Kwanza yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Ugunduzi ni kukiona kitu kilichokuwapo tangu awali katika maumbile, kama kirusi, mmea au kanuni ya fizikia. Uvumbuzi ni kutengeneza njia mpya ya kutatua tatizo la kiufundi, kama kipimo, dawa au mtambo. Sheria ya hataza ya Tanzania ya mwaka 1987, kama sheria za nchi nyingine nyingi, hulinda uvumbuzi, lakini haimpi mtu hataza kwa sababu ya ugunduzi tu. Ross hakuvivumbua virusi vya chikungunya, alivigundua.

Mgunduzi basi hupata nini? Hupata heshima ya jina lake kuandikwa. Mfano mzuri umo humu humu nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wa maziwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne alilijaribu jambo hilo katika maabara, na mwaka 1969 makala ilichapishwa kwa majina ya wote wawili. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu za jambo hilo, na hata juu ya ukweli wake, lakini hakuna anayebisha kwamba swali lilikuwa la Mpemba. Mhadhiri angeweza kulichukua swali la mwanafunzi akaliandika kwa jina lake peke yake. Hakufanya hivyo.

MFANO WA MKOMAINDO

Ili sheria ieleweke vizuri, na ichukuliwe kwamba mhadhiri wa chuo kikuu anakwenda katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi, kuchunguza homa zinazofanana na malaria lakini si malaria. Mshahara wake unalipwa na chuo. Fedha za utafiti zinatolewa na shirika la nchi ya nje. Anafuatana na mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na anasaidiwa na mtaalamu wa maabara wa hospitali. Baada ya miaka miwili kazi yao imezaa vitu vinne: makala na kitabu cha kufundishia, kipimo kipya cha kuutambua ugonjwa, takwimu za wagonjwa, na chupa za damu zilizohifadhiwa kwenye jokofu. Kila kimoja kina kanuni yake.

Maandishi hulindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ulinzi huanza mara kazi inapoandikwa, bila kusubiri kusajiliwa. Kazi iliyoandikwa na mwajiriwa katika kutimiza wajibu wa kazi yake, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Hata hivyo, mila ya vyuo vikuu duniani ni kuwaachia wahadhiri vitabu na makala zao, na vyuo vingi vimeiandika mila hiyo katika sera zao. Haki ya kutambulika kuwa mtunzi hubaki kwa mtunzi mwenyewe, hata kama mapato ni ya mwingine.

Kipimo kipya ni uvumbuzi, nacho ni jambo la hataza. Kanuni ya jumla katika sheria ya Tanzania ni kwamba, mkataba usiposema vingine, haki ya hataza kwa uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza ajira ni ya mwajiri. Lakini uvumbuzi huo ukiwa na thamani kubwa isiyo ya kawaida, mwajiriwa anastahili malipo ya haki zaidi ya mshahara wake. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mwanafunzi si mwajiriwa. Kanuni inayompa mwajiri haki haimkamati yeye, na kama ndiye aliyebuni sehemu ya kipimo, chuo hakiwezi kuidai sehemu hiyo kwa kutaja ajira. Mtaalamu wa maabara naye ana mwajiri mwingine kabisa, yaani hospitali. Kwa hiyo kipimo kimoja chaweza kuwa na wenyewe watatu, bado hajatajwa mfadhili.

Takwimu na damu ni jambo gumu zaidi. Damu ya mgonjwa haigeuki kuwa mali ya mtafiti kwa sababu tu ameitia katika chupa yake. Mgonjwa huridhia itumike kwa kusudi aliloelezwa, na ridhaa hiyo ndiyo mpaka. Kwa sababu hiyo utafiti wa tiba nchini hupitiwa na kamati za maadili, na damu haipelekwi nchi za nje bila hati ya makubaliano inayotaja itakwenda wapi, itafanyiwa nini, na matunda yake yatagawanywaje. Mwaka 1953 hati za namna hiyo hazikuwapo.

NCHI NYINGINE ZIMEAMUAJE?

Mataifa hayakubaliani juu ya suala hili. Ujerumani ilikuwa na kanuni ya kumwachia profesa uvumbuzi wake, lakini iliifuta mwaka 2002. Uswidi imeendelea kuishika kanuni ya namna hiyo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu; hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri la chuo cha Stanford na kampuni ya Roche, kwamba haki huanza kwa mvumbuzi, na chuo hakiipati mpaka mvumbuzi aikabidhi kwa maandishi.

Shauri la Australia lina mafunzo zaidi. Bruce Gray, profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Western Australia, alihusika katika uvumbuzi wa chembechembe ndogo mno za kutibu saratani ya ini. Chuo kilimshtaki kikidai kwamba uvumbuzi huo ni wake. Mahakama ilikataa, na rufaa ya chuo ilishindwa mwaka 2009. Sababu ilikuwa kwamba mkataba wa profesa ulimtaka afanye utafiti, lakini haukumtaka avumbue. Kufanya utafiti na kuvumbua, mahakama iliona, ni wajibu mbili tofauti. Chuo kilipoteza mali kubwa kwa sababu ya mkataba ulioandikwa bila uangalifu.

FUNZO LA NAIROBI

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kenya. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa nje walikuwa wakiwafuatilia wanawake wa Majengo waliokuwa wakiuza miili yao. Baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikutana navyo mara nyingi. Uchunguzi huo ulisaidia kubuni chanjo ya majaribio kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba maombi ya hataza yalikuwa yamepelekwa Uingereza bila Nairobi kutajwa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na hatimaye pande zilikubaliana kumiliki kwa pamoja.

Majaribio ya baadaye hayakuonyesha nguvu iliyotarajiwa, na chanjo hiyo haikuleta utajiri kwa yeyote. Lakini hilo halipunguzi uzito wa funzo. Watafiti wa Nairobi walikuwa wataalamu hodari, na kazi yao ilijulikana. Walichokosa ni karatasi iliyotiwa sahihi kabla ya kazi kuanza. Tena ionekane kwamba hata baada ya mapatano, wamiliki walikuwa taasisi. Wanawake wa Majengo, ambao miili yao ndiyo iliyotoa siri yenyewe, hawakuwa miongoni mwa wenye hataza. Sheria ya hataza inamjua mvumbuzi na mwajiri wake. Haimjui aliyetoa damu wala aliyetoa maarifa. Pengo hilo huzibwa kwa makubaliano.

MKULIMA NA MKOROSHO WAKE

Pengo hilo halimo katika tiba tu. Mkulima wa Newala au Masasi aweza kumwonyesha mtafiti mkorosho mmoja ambao ugonjwa wa ubwiri unga hauupati sana. Mti ule ukitumiwa kuzalisha aina mpya, haki za aina hiyo hulindwa na sheria ya mwaka 2012 ya wagunduzi wa aina mpya za mimea, nazo huwa za aliyeizalisha au za mwajiri wake. Mkulima aliyeutunza mti kwa miaka ishirini na kuutambua ubora wake hapati kitu kwa sheria hiyo, isipokuwa kama kuna mapatano. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka msingi wa mapatano hayo kati ya watoaji na watumiaji wa mali ya maumbile, lakini msingi si nyumba. Anayeujua mti na anayemjua mkulima ni mtafiti, na ni juu yake kuanzisha mazungumzo.

YANAYOPASA KUFANYWA

Mhadhiri anayetaka kuepuka ugomvi hana budi kuyafanya mambo machache kabla ya kuondoka chuoni. Kwanza, ausome mkataba wake wa kazi pamoja na sera ya chuo chake. Pili, aandikiane na mfadhili, mwanafunzi na taasisi mwenyeji juu ya umiliki na mgawanyo wa mapato. Tatu, atunze daftari lenye tarehe, linaloonyesha nani alitoa wazo gani. Nne, kama amevumbua kitu, asikichapishe wala kukihutubia hadharani kabla ya kuomba hataza, kwani katika nchi nyingi jambo lililokwisha kutangazwa halihesabiki kuwa jipya. Tano, awaeleze wananchi, kwa lugha wanayoielewa, kile anachochukua na kile watakachorudishiwa.

Umiliki wa chuo si dhuluma kwa mhadhiri, maana maabara, mshahara na muda ni mali ya umma. Wala malipo kwa mhadhiri si upendeleo, maana bila akili yake maabara ni jengo tupu. Na fungu la mwananchi si sadaka. Robinson, Lumsden na Ross wanakumbukwa kwa majina yao. Wagonjwa wa uwanda wa Makonde wanakumbukwa kwa neno moja tu la lugha yao, na hata neno hilo wengi wanaolitamka duniani hawajui lilikotoka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya ugunduzi na uvumbuzi? Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka wilaya yako.
2. Kwa nini mwanafunzi wa uzamili hahesabiwi sawa na mhadhiri katika umiliki wa kipimo kipya?
3. Chuo cha Western Australia kingeandika nini katika mkataba ili kisishindwe?
4. Kama ungekuwa mkulima mwenye mkorosho uliotajwa, ungetaka mapatano yaseme nini?