Kabla ya Mstari wa 11 Kuna Mstari wa 10



Kuna mstari mmoja wa Biblia ambao bila shaka umeshakutana nao hata kama husomi Biblia kila siku. Ni Yeremia 29:11. Uko kwenye status za WhatsApp, kwenye fulana za makongamano, kwenye kadi za mahafali, hata nyuma ya bajaji. Ni ule ambao Mungu anasema anayajua mawazo aliyo nayo juu ya watu wake, kwamba ni mawazo ya amani na si ya mabaya, na kwamba mbele yao kuna tumaini. Ni mstari mzuri, sina ugomvi nao. Ila leo naomba ufungue Biblia yenyewe, usome na ule ulio juu yake. Mstari wa 10 unasema Mungu atawarudisha watu wake kwao baada ya miaka 70.

Sabini! Fulana yenye mstari huo sijaiona bado.

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo kwenye historia. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli aliuzingira Yerusalemu. Mfalme kijana Yekonia akajisalimisha, akachukuliwa mateka pamoja na mama yake, wakuu wa nchi, askari, mafundi na wahunzi. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 24, kinataja watu 10,000. Yerusalemu na hekalu vilikuwa bado vimesimama, na Nebukadneza akamweka Zedekia awe mfalme. Kwa hiyo watu walikuwa na swali moja tu, kule Babeli na kule nyumbani: hii itaisha lini?

Majibu yalikuwa mawili. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana jibu la kwanza huwa hatulisomi kabisa.

Liko sura ya 28. Katika mwaka wa nne wa Zedekia, nabii mmoja aitwaye Hanania, mtu wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme Yekonia na mateka wote. Miaka miwili tu. Fikiria ungekuwa pale, kaka yako yuko Babeli. Ungepiga makofi au usingepiga?

Yeremia naye alikuwepo, na shingoni alikuwa amevaa nira ya mti, ishara ya kwamba watu wakubali kukaa chini ya Babeli kwa wakati huo. Jibu lake la kwanza linashangaza. Alisema, Amina, Bwana na afanye hivyo! Hakuwa mtu aliyefurahia habari mbaya. Yeye pia alitamani mateka warudi. Lakini akakumbusha kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akaitwaa ile nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele za watu. Na Yeremia akaenda zake. Hakubishana. (Mimi nimesoma falsafa miaka mitatu, kazi yetu ilikuwa kubishana, kwa hiyo kaaya hiki kafupi huwa kananisumbua.) Baadaye neno la Bwana lilimjia: nira ya mti imevunjwa, badala yake itakuja ya chuma.

Miaka miwili ikapita, hakuna aliyerudi. Mwaka 587 jeshi la Babeli likauteketeza mji, na hekalu likachomwa.

Sasa tofauti ya Hanania na Yeremia iko wapi? Wote wawili walitaja jina la Mungu. Wote wawili walitangaza kwamba mateka watarudi. Ukisoma haraka utaona tofauti yao ni namba tu, 2 na 70. Lakini angalia namba hizo zinamfanya nini msikilizaji. Ukiambiwa miaka miwili, unafunga mizigo. Hujengi nyumba ya miaka miwili. Hupandi mti ambao matunda yake utamwachia jirani Mbabeli. Unakaa kwenye sanduku lako ukisubiri gari. Ukiambiwa miaka 70, huwezi kuishi hivyo.

Katika mwaka wangu wa kichungaji, kwenye semina ya vijana parokiani, dada mmoja aliniuliza swali ambalo limebaki nami. Ana shahada ya ualimu, na kwa miaka minne alikuwa anatuma maombi ya ajira bila kupata. Shangazi yake ana kibanda cha kushona sare za shule, na cherehani ya pili ipo haina mtu. Alishamwita mara nyingi, yeye akakataa. Sababu? Kwenye kundi fulani la sala aliambiwa kwamba ndani ya miezi sita Mungu atampa kazi serikalini. Miezi sita ikaisha, akaongezewa mingine. Akaniambia, "Frateri, nikikaa kwenye cherehani, si ni kama namwambia Mungu kwamba simwamini tena?"

Msimcheke. Hilo ni swali la imani, tena zito kuliko mengi tuliyojadili darasani. Yule dada hakuwa mvivu. Alikuwa anamlindia Mungu heshima yake. Aliona akianza maisha mengine atakuwa amemwaibisha Mungu aliyeahidi.

Nilimwomba asome kwa sauti Yeremia 29 kuanzia mstari wa 4. Ni barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, ikapelekwa na wajumbe wa mfalme Zedekia. Mungu anawaambia mateka wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, wawaoze watoto wao, waongezeke wala wasipungue. Kisha, mstari wa 7, watafute amani ya mji ule waliopelekwa na wauombee kwa Bwana. Yaani wauombee Babeli! Mji wa aliyewateka! Akafika hapo, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo wao walijenga?"

Walijenga. Nabii Ezekieli alikuwa mmoja wa mateka hao, na kitabu chake sura ya 8 kinaanza akiwa nyumbani kwake, wazee wa Yuda wameketi mbele yake. Tena kuna ushahidi nje ya Biblia. Vimepatikana vibao vya udongo vyenye maandishi ya Kibabeli, cha zamani zaidi ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo, vinavyotaja kijiji kilichoitwa mji wa Yuda huko huko Babeli. Ni hati za kawaida kabisa, za kodi, madeni na mashamba, zenye majina ya Kiyahudi. Watu walikuwa wanalima.

Hebu sasa linganisha mstari wa 7 na wa 11. Neno ni lile lile, amani, katika Kiswahili chetu na katika Kiebrania pia, *shalom*. Amani ambayo Mungu anaiwaza kwa watu wake katika mstari wa 11 imetangulia kutajwa katika mstari wa 7, na imetajwa ndani ya amani ya mji ule ule wasioupenda. Hawakuambiwa wakae wakisubiri amani ije siku ya kurudi. Waliambiwa mji huo ukiwa na amani, nao watakuwa na amani.

Jambo jingine, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Biblia yetu katika mstari huo imeandika "ninyi". Haikuandika "wewe". Barua ilikuwa ya taifa zima. Fanya hesabu: kijana wa miaka 20 aliyechukuliwa mwaka 597 angekuwa na miaka 79 mwaka 538, Koreshi mfalme wa Uajemi alipowaruhusu kurudi. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Hiyo 70 yenyewe wataalamu wa Maandiko wanaihesabu kwa njia tofauti, wengine kuanzia 605 Nebukadneza alipoanza kutawala, wengine kutoka kuchomwa kwa hekalu mpaka hekalu la pili lilipokamilika mwaka 515. Na Zaburi ya 90 inataja miaka 70 kama urefu wa maisha ya mtu. Yaani Yeremia alikuwa anawaambia watu wazima: hili litatimia, nalo ni kubwa kuliko umri wenu.

Je, Mungu aliwadanganya wale waliokufa kabla? Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, kwa sababu tumezoea kudhani ahadi ya Mungu ni ile inayonifikia mimi, mkononi, nikiwa bado kijana. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema tumaini linahusu jambo lililo jema, lijalo, gumu kupatikana, lakini linalowezekana. Ukiondoa "gumu" unabaki na kujiaminisha tu, mtu anayejiahidi mwenyewe kisha anamwekea Mungu sahihi. Ukiondoa "linalowezekana" unabaki na kukata tamaa. Na Katekisimu namba 1817 inasema kwa fadhila ya tumaini tunatamani ufalme wa mbinguni na uzima wa milele, tukiziamini ahadi za Kristo na kuitegemea neema ya Roho Mtakatifu. Ajira, ndoa, safari, tunaviomba, na ni halali kabisa kuviomba. Lakini tuseme wazi: hakuna mahali Mungu amemwahidi kila Mkatoliki mwenye shahada kazi ya serikali. Anayekupa tarehe kwa niaba ya Mungu, mjibu kama Yeremia: Amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha nenda zako ukapande bustani.

Ibrahimu naye ukimfuatilia kwa makini ni hivyo hivyo. Huwa tunaishia kwa Isaka, aliyezaliwa baba akiwa na miaka 100, tunafurahi hadithi imeisha. Lakini aliahidiwa pia nchi. Sara alipofariki, mzee hakuwa na hata mahali pa kumzika mkewe. Alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, bei kamili. Katika nchi nzima aliyoahidiwa, Mwanzo haitaji kwamba alinunua kipande kingine.

Yeremia mwenyewe ndiye ananivutia zaidi. Mungu alimkataza kuoa (sura ya 16), na mimi kama frateri huwa nasoma sura hiyo polepole. Ndiye aliyeandikia wengine waoe, wazae, wawaoze watoto, huku yeye hana mke wala mtoto. Halafu soma sura ya 32. Yerusalemu umezingirwa, Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba huko Anathothi. Nani ananunua kiwanja wakati adui yuko mlangoni? Yeremia alinunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akaandika hati, akamwambia Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Baadaye alichukuliwa kupelekwa Misri, na Biblia haisemi kwamba aliwahi kulilima shamba hilo. Alilipia ahadi ambayo wangeifaidi watu wengine, tena fedha taslimu.

Kama mnasoma somo hili katika jumuiya au kikundi chenu, msianze na sura ya 29. Anzeni na 28, mmoja asome maneno ya Hanania na mwingine ya Yeremia, na kila mtu aseme kwa ukweli angemfuata nani siku ile. Sisi tulipofanya hivyo, zaidi ya nusu walisema Hanania, na niliwaheshimu kwa kusema kweli.

Yule dada bado anatuma maombi ya kazi, na kazi haijapatikana. Ila mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa ukimpigia simu hapokei, sare zimemjaa.

Mmalizie na Ezra sura ya 3. Mateka wamerudi, msingi wa hekalu jipya unawekwa, makuhani wanapiga tarumbeta. Vijana waliozaliwa Babeli, katika zile nyumba na bustani za mstari wa 5, wanapiga kelele za furaha. Wazee wengi waliowahi kuliona hekalu la kwanza kwa macho yao wanalia kwa sauti kuu. Maandiko yanasema kelele zilisikika mbali, na watu hawakuweza kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio.