Anwani ya IP ya Nyumbani Ikibadilika, Je, Pesa Zako Ziko Salama?

Umefungua akaunti yako ya biashara kwa kompyuta ile ile ya kila siku. Mara ujumbe unaingia: "Akaunti yako imefunguliwa kutoka anwani mpya." Wewe uko Nakuru, lakini ujumbe unataja Nairobi. Usishtuke. Mara nyingi si mwizi, ni anwani ya IP tu imebadilika. Leo tutaeleza inavyobadilika, na wakati ambao unafaa kuwa na wasiwasi.

Anwani ni mbili, si moja

Fikiria ploti yenye nyumba nyingi na geti moja. Ndani, kila mlango una nambari yake. Aliye barabarani huona geti tu. Intaneti ya nyumbani iko hivyo hivyo.

Anwani ya ndani ni ile ruta yako inayopatia simu, kompyuta, televisheni au printa. Kwa kawaida huanza na 192.168 au 10. Nambari hizi zimetengewa mitandao ya ndani pekee, ndiyo maana kompyuta yako na ya jirani zinaweza kuwa na 192.168.1.5 na zisigongane.

Anwani ya nje ndiyo geti. Hiyo ndiyo sisi, benki yako na tovuti nyingine huona unapoingia.

Kwa nini hubadilika?

Ya ndani: ruta haitoi anwani iwe yako milele, hukukodishia kwa muda, kwa mfano saa 24. Muda ukifika nusu, kifaa huomba kuongezewa. Kikiwa kimezimwa hadi muda uishe, anwani inaweza kupewa kifaa kingine. Stima ikipotea na ruta iwake upya, mgao unaweza kuanza upya pia.

Ya nje: hii ni mali ya kampuni inayokuuzia intaneti. Mfumo wa IP uliozoeleka una anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba ya dunia ya anwani ambazo hazijagawiwa iliisha Februari 2011. Kwa hivyo kampuni nyingi huzizungusha kati ya wateja, na wakati mwingine wateja wengi hutumia anwani moja. Ukitoka kwa waifai ya nyumbani ukaingia kwa bando la simu, anwani ya nje hubadilika papo hapo.

Na ile Nairobi? Mahali hukisiwa kutokana na anwani ya kampuni ya intaneti, si kutokana na mlango wako. Mitambo yao ikiwa Nairobi, unaweza kuonekana uko huko hata ukiwa Nakuru.

Ukipata tahadhari, angalia mambo matatu

1. Saa: ni wakati ule ule uliokuwa ukiingia?
2. Kifaa: ni simu au kompyuta unayoijua?
3. Kilichofanyika: kuna muamala usioutambua?

Yote matatu yakikubaliana nawe, endelea na shughuli zako. Hata moja likikataa, usibonyeze kiungo kilicho kwenye ujumbe. Fungua programu yenyewe, badilisha nenosiri na PIN, kisha upige nambari ya huduma kwa wateja unayoijua.

Hapa ndipo matapeli hungoja

Mtu anakupigia, sauti ya upole: "Mteja wetu, IP yako imebadilika, akaunti itafungwa. Tupe PIN tuirekebishe." Kata simu. Anwani ya IP hutolewa na kampuni ya intaneti, haina uhusiano wowote na PIN yako. Hakuna fundi wala mhudumu anayehitaji PIN, au nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako, ili kurekebisha mtandao. Hata sisi hatutakuomba kamwe.

Ujue pia kwamba mtu kujua IP yako pekee hakumpi njia ya kutoa pesa zako. PIN, nenosiri na laini ya simu ndivyo vya kulindwa.

Kama una duka nyumbani

Asubuhi wateja wamejaa, na printa ya risiti imegoma. Huenda ni anwani yake ya ndani imebadilika na kompyuta bado inaitafuta kwa ile ya jana. Fanya hivi:

1. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko kilicho chini ya ruta.
2. Tafuta sehemu ya DHCP, halafu mahali pa kutengea kifaa anwani.
3. Chagua printa, itengee anwani moja, uhifadhi.
4. Zima printa na uiwashe tena. Kama kompyuta bado haiipati, iwekee anwani hiyo mpya mara moja tu.

Ukiona kifaa kina anwani inayoanza na 169.254, maana yake hakikupata anwani kutoka kwa ruta. Kagua waya au waifai kwanza.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, badilisha nenosiri la ruta ulilolikuta kiwandani. Atakayeingia kwenye ruta yako anaweza kukuelekeza kwenye tovuti bandia inayofanana na ya benki yako.

Anwani kubadilika ni kawaida. PIN yako kujulikana na mtu mwingine si kawaida hata kidogo.