Filbert Bayi, Mkimbiaji wa Karatu

Ukitoka Arusha mjini kwa gari kwenda Ngorongoro, utapita Makuyuni na Mto wa Mbu. Kisha utapanda ukingo wa Bonde la Ufa, nawe utafika Karatu. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953.

Wakimbiaji wengi wa mita 1,500 hutunza nguvu zao kwa ajili ya mzunguko wa mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Alitangulia mapema, wengine wakamfuata. Njia hiyo ni ngumu. Anayetangulia hukata upepo peke yake, na aliye nyuma hamwoni.

Tarehe 2 Februari 1974, Bayi alishindana mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitangulia. John Walker, mwenyeji wa nchi hiyo, alimkaribia sana, lakini hakumpita. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja.

Mwaka 1976 watu wengi walingoja kuwaona Bayi na Walker wakishindana katika Olimpiki ya Montreal, Kanada. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako Makaburu waliwanyima Waafrika haki zao. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Haikuondolewa. Basi nchi nyingi za Afrika hazikushiriki, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Walker alipata nishani ya dhahabu. Bayi hakukimbia.

Je, aliacha mbio? La. Mwaka 1980, mjini Moscow, alikimbia mita 3,000 za kuruka vizuizi na maji. Alitangulia tena, kwa mbali. Katika mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland alimpita. Bayi alipata nishani ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha katika mita 5,000. Hizo ndizo nishani za kwanza za Tanzania katika Olimpiki.

Ndugu msomaji, rekodi za Bayi zimekwisha kuvunjwa. Lakini kazi ya anayetangulia haisahauliki.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kutangulia katika mbio ni kazi ngumu?
2. Kwa nini Bayi hakukimbia mwaka 1976?
3. Katika kijiji chenu, nani alitangulia kufanya jambo jema, wengine wakamfuata?