Umbo la Swali na Hatima ya Dai: Maandalizi ya Maswali ya Mashahidi katika Kesi za Majeraha

Utangulizi

Darasani, swali hufundishwa kama aina mojawapo ya sentensi. Mwanafunzi huonyeshwa viulizi, kiimbo, nafasi ya "je", na tofauti iliyopo baina ya swali linalotaka "ndiyo" au "la" na swali linalotaka maelezo. Baada ya hapo mada hufungwa. Mahakamani swali lina uzito mwingine kabisa: kiambishi kimoja kikiongezwa au kikiondolewa, jibu hubadilika, na jibu likibadilika, kiasi cha fidia nacho huweza kubadilika. Makala haya yanashughulikia maswali ambayo mawakili huandaa kwa ajili ya mashahidi katika kesi za madai ya majeraha nchini Kenya, hasa ajali za barabarani, na yanadai kwamba maandalizi hayo ni kazi ya isimu ya Kiswahili kama yalivyo kazi ya sheria.

Ili mjadala usielee hewani, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke anayeuza viazi karai anavuka barabara ya Mombasa–Malindi hapo Mtwapa, jua likiwa limekwisha kutua. Anagongwa na matatu na kuvunjika mguu. Anamshtaki mwenye gari. Dereva naye anasema kwamba mama huyo alijitoma barabarani ghafla.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Isitoshe, sheria ya Kenya inaruhusu lawama kugawanywa. Mahakama ikikadiria fidia kuwa shilingi 800,000, kisha ikaamua kwamba mdai mwenyewe alichangia ajali kwa asilimia 30, atapokea shilingi 560,000. Ikisema alichangia kwa asilimia 50, atapokea shilingi 400,000. Tofauti hiyo ya shilingi 160,000 yaweza kutokana na namna alivyojibu maswali mawili au matatu.

Lugha tatu za ushahidi mmoja

Katika mahakama za chini, lugha rasmi ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa mazoea, shahidi hujibu kwa Kiswahili, karani wa mahakama hufasiri inapohitajika, na hakimu huandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Tena, tangu Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, hati ya madai huwasilishwa pamoja na taarifa za mashahidi zilizoandikwa na kutiwa saini. Mara nyingi taarifa hiyo huwa imesimuliwa kwa Kiswahili katika ofisi ya wakili, ikaandikwa kwa Kiingereza, na sasa shahidi anaulizwa juu yake kwa Kiswahili tena. Kwa mchuuzi wa Mtwapa ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigiriama, hiyo ni safari ya lugha tatu. Wakili anayeandika maswali yake kwa Kiingereza, kisha akayafasiri papo hapo akiwa amesimama mbele ya hakimu, anaongeza kituo kingine kwenye safari hiyo bila sababu.

Swali elekezi na kiambishi cha mtendwa

Kifungu cha 149 cha Sheria ya Ushahidi kinalieleza swali elekezi kuwa ni lile linalodokeza jibu ambalo muulizaji analitaka au kulitarajia, au linalodokeza mambo yanayobishaniwa ambayo shahidi amekuja kuyatolea ushahidi. Kwa mujibu wa kifungu cha 150, wakili aliyemwita shahidi hapaswi kuuliza swali la aina hiyo upande wa pili ukipinga, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Na ruhusa hiyo hutolewa kwa mambo ya utangulizi au yasiyo na ubishi. Kifungu cha 151 kinamruhusu wakili wa upande wa pili kuyatumia.

Sheria imeeleza uelekezi kwa maana yake. Haikueleza maumbo yake, wala haikuwa kazi yake. Kazi hiyo imebaki kwa wanaisimu, na hapa Kiswahili kina jambo la pekee. Mnamo 1975 Elizabeth Loftus na Guido Zanni, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio ambamo watu waliotazama filamu ya ajali waliulizwa kama waliona taa ya gari iliyovunjika. Wengine waliulizwa kwa kibainishi cha Kiingereza kinachoonyesha kwamba kitu kinajulikana, wengine kwa kile kisichoonyesha hivyo. Waliodokezewa kwamba taa hiyo ipo walielekea zaidi kusema waliiona, hata pale ambapo haikuwapo.

Kiswahili hakina vibainishi hivyo. Lakini linganisha:

Je, uliona taa nyekundu?
Je, uliiona taa nyekundu?

Sentensi ya kwanza haijasema kama taa ilikuwapo. Ya pili, kwa ule -i- wa mtendwa, inamweleza shahidi kwamba taa ipo na muulizaji anaijua. Kilichobaki ni kusema kama macho yake yaliifikia. Akijibu "sikuiona", amekubali kwamba ilikuwapo na kwamba yeye hakuwa makini. Silabi moja imefanya kazi yote, na ni nadra wakili wa upande wa pili kusimama kuipinga, kwa kuwa katika kumbukumbu za Kiingereza hata tofauti hiyo huenda isionekane.

Ugumu huzidi swali linapohusu watu. Nomino za viumbe huhitaji kiambishi cha mtendwa kwa kawaida: "ulimwona utingo" ndiyo sentensi ya kawaida, awe utingo anajulikana au hajulikani. Kwa hiyo wakili asiyetaka kumwelekeza shahidi wake hawezi kutegemea kukiondoa kiambishi. Hana budi kubadili muundo mzima: "Nani walikuwapo mlangoni mwa matatu?" au "Ulimwona mtu yeyote pale?"

Kitenzi kinachogawa lawama

Jaribio la awali la Loftus, alilofanya pamoja na John Palmer na kulichapisha mwaka 1974, linajulikana zaidi. Wanafunzi 45 walitazama filamu za ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani yalipokutana. Kitenzi pekee ndicho kilichobadilishwa. Walioulizwa kwa kitenzi kikali kabisa, chenye maana ya kupondana, walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugusana tu walikadiria maili 31.8.

Kiswahili kinayo orodha yake: gusana, gongana, kumbana, vaana. Lakini hatari kubwa zaidi haimo katika ukali wa kitenzi, imo katika vinyambuo. "Mligongana wapi?" ni swali la mahali kwa sura yake, kwa kauli yake ya kutendana, limemfanya mama mwenye ndoo ya viazi kuwa mshirika sawa na matatu katika kugonga. "Uligongwa ukiwa wapi?" linaacha mtenda upande mmoja. Katika kesi ambayo lawama hupimwa kwa asilimia, kauli ya kutendana ni zawadi kwa mdaiwa.

Kauli ya kutendeka nayo ina faida zake kwa upande huo. Dereva atasema: breki zilikatika, gari likapotea njia, likapanda kando. Hakuna mtu katika masimulizi hayo. Vyuma vimejiendea vyenyewe. Wakili wa mdai akimbishia kwamba breki hazikukatika, atapoteza muda, kwani huenda kweli zilikatika. Swali lililoandaliwa vizuri humtafuta mtenda aliyefichwa: "Breki hizo zilikaguliwa lini mara ya mwisho, na aliyezikagua ni nani?"

Kirai kilichopenyezwa

"Ulipoingia barabarani bila kutazama, gari lilikuwa umbali gani?" Shahidi atashughulika na umbali, kwa sababu ndicho kilichoulizwa. Atajibu, "Kama hatua kumi." Neno linalobishaniwa, yaani kutotazama, limepita mlangoni bila kubishwa hodi. Upande wa pili una ruhusa ya kuuliza hivyo. Kinga yake hujengwa mapema: wakili wa mdai awe amekwisha kuuliza, "Kabla hujakanyaga lami ulifanya nini?" na jibu liwe limekwisha kuandikwa.

Swali la kikanushi lina mtego wa namna nyingine. "Hukuiona matatu ikija?" "Ndiyo." Kwa Mswahili, "ndiyo" hiyo yakubali kauli ya muulizaji: ni kweli, sikuiona. Ikifasiriwa kwa haraka kwa Kiingereza, yaweza kueleweka kwamba aliiona. Kwa hiyo jibu la neno moja kwa swali la kikanushi lisiachwe hivyo. Wakili aliyemwita shahidi, anapopata nafasi ya kumhoji tena, amwombe aseme sentensi nzima.

Saa, hatua na viungo

Saa moja na nusu jioni ikiandikwa 1:30, ajali ya gizani imekuwa ajali ya mchana kweupe. Pwani, swali "Ilikuwa kabla au baada ya adhana ya magharibi?" hutoa jibu thabiti zaidi kuliko namba. Vivyo hivyo shahidi anaponyosha kidole na kusema "kutoka hapa hadi pale mlangoni", wakili hana budi kuomba umbali huo ukadiriwe kwa mita na kuandikwa, maana kumbukumbu hazina macho.

Mguu ni tangu nyonga hadi vidoleni, ilhali ripoti ya daktari inataja mfupa wa muundi. Kiwiko kwa wengine ni pale mkono unapokunjika katikati, kwa wengine ni kifundo karibu na kiganja. Shahidi aombwe kuonyesha, kisha wakili alitaje eneo hilo kwa sauti.

Kuandaa na kufundisha

Wakili anaruhusiwa kumsomea shahidi taarifa yake mwenyewe, kumweleza nani atamhoji na kwa utaratibu gani, na kumwambia kwamba "sikumbuki" ni jibu halali likiwa kweli. Haruhusiwi kumpa maneno. Mpaka huo huvukwa kwa urahisi, na lugha ndiyo humfichua aliyeuvuka: mchuuzi wa viazi na abiria wa matatu wote wawili wakisema gari lilikuja "kwa mwendo wa kasi usiozingatia usalama wa watumiaji wengine wa barabara", hakimu hahitaji kuambiwa sentensi hiyo ilizaliwa katika ofisi gani.

Jambo hili huonekana zaidi katika ushahidi wa maumivu. Gharama za hospitali hudaiwa kwa kutajwa na kuthibitishwa waziwazi, na risiti hutosha. Maumivu na hasara ya maisha ya kila siku hayana risiti. "Je, maisha yako yameathirika?" huleta "ndiyo" tupu. "Kabla ya ajali, siku yako ilikuwa ikianzaje?" huleta habari ya kuamka alfajiri, kumenya viazi, kubeba ndoo kichwani hadi kituo cha magari. Linalofuata ni fupi: "Na sasa?" Hapo wakili hunyamaza hadi shahidi amalize kusema na hakimu amalize kuandika.