Mto Hauna Mwenyewe Mmoja

Wazee wa Usangu waliujua Mto Ruaha Mkuu ukitiririka mwaka mzima. Lakini tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na viboko hubanana katika madimbwi ya matope. Je, kosa ni la mvua tu? La. Mifereji ya mpunga huko juu huendelea kunywa maji hata baada ya mavuno. Nacho kinamasi cha Ihefu, kinachoweka maji ya masika na kuyatoa polepole, kimeonewa na majembe na mifugo.

Hapo ndipo twaona faida ya mikutano ya watumia maji. Mtu wa juu akiketi na mtu wa chini, hufahamu kwamba mfereji usiofungwa ni kiu ya jirani. Hujifunza pia sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Lakini sheria haiamki usiku kufunga mfereji.

Basi, ndugu wasomaji, mkutano ukiitwa kijijini, baba na mama waende pamoja, na vijana wao. Wakirudi, wafunge kwanza mfereji wao wenyewe.