Chini ya Ngozi Pamefungwaje?

Mgonjwa aliyetolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa kamera huamka akiwa na vidonda vidogo vitatu au vinne tumboni, na jambo linalomsumbua kwanza ni kovu. Ana haki. Lakini ningemwomba aulize kwanza yasiyoonekana: chini ya ngozi pamefungwaje?

Katika upasuaji huu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi, kisha kamera na vifaa hupitishwa kwenye mirija. Mingine ina upana wa milimita 5, mingine 10 hadi 12, na tundu la kitovuni mara nyingi hutanuliwa zaidi ili kifuko chenye mawe kipate kutoka. Kila mrija hutoboa ngozi, mafuta, na utando mweupe mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo. Utando huo ukibaki wazi, utumbo au mafuta ya ndani yanaweza kujipenyeza hapo. Hiyo ndiyo ngiri ya tundu la upasuaji.

Kwa mtu mzima, tundu la milimita 5 kwa kawaida halishonwi ndani. Kuanzia milimita 10 madaktari wengi hushona utando, hasa kitovuni, na hasa kwa mtu mnene au mwenye kisukari. Watoto hushonwa mara nyingi hata tundu likiwa dogo.

Kushona kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuvuta utando juu kwa vibanio na kuushona kwa sindano iliyopinda. Inatosha kabisa kwa mtu mwembamba. Kwa mwenye mafuta mengi tundu huwa refu kama kisima, na daktari haoni vizuri anachoshona. Hapo njia ya pili husaidia: sindano maalumu hupitisha uzi kutoka nje huku kamera ikitazama kwa ndani, hivyo utumbo hauwezi kunaswa bila kuonekana. Inahitaji kifaa cha ziada, lakini kwa mgonjwa mnene naona kinafaa kutafutwa.

Kwenye ngozi uamuzi ni mwepesi zaidi. Uzi unaoyeyuka, uliofichwa chini ya ngozi, hauhitaji kutolewa, na kwa anayeishi mbali na hospitali hiyo ni nauli iliyookolewa. Uzi wa nailoni na pini za chuma hutolewa, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10. Gundi ya hospitali hukauka kwa dakika chache na hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10, ila kidonda kilichogundishwa kina uwezekano mkubwa kidogo wa kuachia kuliko kilichoshonwa. Usikipake vaselini wala mafuta, maana huilainisha gundi. Na gundi ya dukani isiguse kidonda kamwe, kwani inaweza kuunguza na kuwasha.

Ikiwa wewe au ndugu zako mna makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Watu wenye ngozi nyeusi tunayapata zaidi, na hakuna namna ya kufunga inayoyazuia kabisa. Akijua mapema atakufuatilia.

Ukirudi nyumbani, uvimbe kwenye tundu unaoambatana na kutapika au tumbo kusokota si wa kusubiri kesho, kwa sababu utumbo huenda umenaswa. Kidonda chekundu, cha moto, chenye usaha, kionwe siku hiyohiyo. Na kile kilichopona vizuri, kisha baada ya wiki 3 au 4 kikaota kijivimbe na kutoa majimaji, mwambie daktari tarehe uliyopasuliwa. Huenda ni bakteria wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, ambao huingia kwa vifaa visivyotakaswa sawasawa. Dawa za kawaida za vidonda haziwawezi, na mgonjwa asipotaja tarehe hiyo anaweza kuzimeza kwa miezi bila nafuu.