Pigo na Saa: Ulinganifu wa Sauti na Wakati katika Michezo ya Kompyuta, kwa Mfano wa Litungu la Mara

1.0 Utangulizi

Michezo ya kompyuta inayomtaka mchezaji abonyeze kitufe sambamba na pigo la muziki ilienea baada ya PaRappa the Rapper (1996) na Dance Dance Revolution (1998), yote miwili ya Japani. Leo michezo ya aina hiyo huandikwa pia na watu binafsi kwa kujifurahisha. Makala haya yanajadili suala moja: ni saa ipi iamue kwamba pigo limefika? Hoja ya msingi ni kwamba saa hiyo ni sauti yenyewe.

2.0 Saa ya Picha na Saa ya Sauti

Kwa kawaida programu huchora picha mara 60 kwa sekunde. Muziki wenye mapigo 110 kwa dakika huhitaji picha 32.73 kwa kila pigo. Kwa kuwa picha haigawanyiki, mwandishi wa programu huhesabu 33. Kosa hilo halifikii hata milisekunde 5, lakini hujilimbikiza: baada ya mapigo 110, mchezo umechelewa nusu sekunde nzima.

Sauti ya kidijitali, kwa upande wake, mara nyingi huhifadhiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Pigo hilohilo huchukua takriban sampuli 24,055, na kosa la kukadiria hivyo kwa dakika nzima ni kama milisekunde 1 tu. Hata kosa hilo hutoweka iwapo nafasi ya kila pigo itakokotolewa upya kutoka mwanzo wa wimbo, badala ya kujumlisha pigo juu ya pigo.

Hata hivyo, sampuli iliyokwisha kutolewa na programu si lazima iwe imesikika. Akiba ya sampuli 1,024 inayosubiri kupigwa huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi. Kiasi hicho sharti kipimwe na kutolewa katika hesabu.

3.0 Mwendo Usiolingana

Hesabu za hapo juu huchukulia kuwa mwendo haubadiliki. Litungu, ala ya nyuzi nane ya Wakurya, halifungwi na sharti hilo, kwani mpigaji anaweza kuharakisha au kupunguza mwendo kufuatana na maneno na wachezaji. Chukuliwe kwamba mwandishi wa programu aliyeko Musoma ana rekodi mbili za wimbo uleule, moja ya Bunda na nyingine ya Butiama. Akitumia wastani mmoja wa mwendo, mchezo utazihukumu rekodi zote mbili kuwa zimekosea. Mpigaji stadi ataonekana hajui kupiga, ilhali kosa ni la kipimo.

Njia bora ni kuandaa ramani ya mapigo, yaani orodha ya namba za sampuli ambapo kila pigo linatokea katika rekodi husika. Ramani hiyo isiachiwe kompyuta peke yake. Kompyuta hutambua mlio mkubwa, lakini mlio mkubwa si lazima uwe pigo. Huenda pigo limo katika mguu wa mchezaji, na uzi ukajibu baadaye. Anayejua ni mwenye ngoma.

4.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba programu inapaswa kuisikiliza sauti, si kuiamrisha. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ramani ya mapigo ina faida nyingine: ni kumbukumbu ya jinsi wimbo ulivyotendwa, jambo ambalo matini iliyoandikwa haiwezi kulihifadhi.